Kinga ya Ngeleka

Mama Mbelu alipokufa hapa Kapata, mtaa wa Kolwezi, dada yake Mushiya alimkata nywele na kucha kabla ya kumwosha, akazifunga katika kitambaa cheupe na kumkabidhi Ngeleka, mtoto wa marehemu. Hakuna aliyeuliza ni za nini. Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, maiti asiyeweza kusafirishwa husafirishwa hivyo: nywele na kucha huzikwa badala ya mwili. Lakini Mama Mbelu hakuomba kupelekwa Kasai. Aliomba kupelekwa kwa mume wake.

Mume wake, Tata Kalonji, amelala kando ya reli, kati ya Luena na Kamina, peke yake. Wanaosahau upesi nawakumbusha: mwaka 1993 tulifukuzwa hapa Kolwezi kwa sababu ya asili yetu, hata sisi tuliozaliwa hapa. Kalonji alikuwa ameendesha lori la mawe ya shaba katika mgodi wa Mashamba tangu ujana wake. Aliondoka na godoro moja na sufuria. Walilala stesheni majuma mengi, kisha wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo kama mahindi. Kuhara kukamuua njiani. Treni iliposimama porini, Mbelu alichimba kwa sahani ya bati, akamlaza, akasimamisha kipande cha chuma cha reli juu yake. Filimbi ikalia kabla hajamaliza kusali. Miaka ikapita, akarudi Kapata. Waliotufukuza hawajaomba msamaha mpaka leo, na wengine tunapeana nao mkono wa amani kila Jumapili.

Treni haisimami pale, na barabara ya magari iko mbali. Kinachofika ni kijia cha wabeba mahindi wanaosukuma kinga zao, maana huku baiskeli tunaiita kinga. Vijana wa taxi-moto, pikipiki za abiria, walimtazama Ngeleka, wakatazama matairi yao, wakakumbuka kazi nyingine. Ngeleka ni mtu mkubwa. Si kitambi tu. Ni mkubwa pande zote, na milango ya nyumba hizi za kampuni anaiingia kwa ubavu. Akasema basi, ataendesha kinga mwenyewe, atalala porini, afike kabla ya mvua. Kapata ilicheka mpaka ikakaa chini.

Fundi alikuwa Barnabé wa Musonoi, anayetengeneza kinga za wauza makala, yaani mkaa. Aliifunga kwa nondo, akachomelea fremu mara mbili, akaijaribu kama wanavyojaribu wao: akapakia magunia ya makala, akaisukuma kupanda na kushuka. Ikakubali. Siku Ngeleka alipoipanda, hakufika hata kwenye pampu ya maji. Njiti za gurudumu la nyuma zilikatika moja baada ya nyingine, kwa sauti ya bisi zinazopasuka, naye akakaa chini katikati ya soko. Mama mmoja muuza samaki akauliza kama aite kreni ya mgodini.

Ngeleka alijifuta vumbi, akamwambia Barnabé, "Tata, gunia haipigake pedali."

Barnabé akacheka, akaanza upya. Alitia njiti nene za pikipiki, akang'oa kiti chembamba na kuweka kile cha pikipiki. Mama Mushiya alishona hema kwa turubai, maana zile za dukani zilimfunika Ngeleka mpaka magoti tu. Kila asubuhi alizunguka Kapata, amejipaka vaselini mapajani pasichubuke, jasho likimtiririka. Watoto walikimbia nyuma wakiimba kwamba tembo ananunua viatu. Yeye aliwapungia mkono. Baada ya muda waliacha kuimba, wakawa wanamsukuma kwenye mlima. Nasi tuliocheka tulianza kumletea vitu: tochi, kamba, samaki wakavu.

Ilibaki kulala nje usiku mmoja na mzigo wote, kuona kama mgongo wake utakubali ardhi. Aliubeba ule mzigo wenyewe, kitambaa kikiwa ndani. Alishika njia ya Nzilo, akapiga hema pale tulipokuwa tukiokota uyoga utotoni. Hapakuwa na ukuta wala kibao. Asubuhi, akiwa anachemsha chai, walinzi walimzunguka. Wakamwambia ameingia katika eneo la kampuni moja iliyofika juzi. Hivyo ndivyo mpaka unavyotembea katika nchi hii: unalala kwako, unaamka kwa mwingine.

Waliujua wizi wa mawe ya madini, wakamwaga mfuko wake. Kitambaa kikafunguka. Mkubwa wao, kijana aitwaye Mbayo, akarudi nyuma hatua, akamuuliza ni nini.

"Ni mama yangu," Ngeleka akajibu.

Ni jibu la kweli, na hakuna jibu ambalo lingekuwa baya zaidi. Wachimbaji wengine huingia migodini na dawa za kuwafumba walinzi macho. Mbayo alikuwa amesikia hadithi za watu wanaomtoa kafara hata mzazi wao ili wapate jiwe zuri. Ngeleka alieleza, akapiga magoti, mtu mkubwa vile. Mbayo alikisukuma kitambaa kwa fimbo mpaka kikaingia motoni, chini ya chai ya Ngeleka mwenyewe. Nywele haziungui kwa muda mrefu. Kisha wakamruhusu aende na kinga yake, kwa sababu hawakumkuta na jiwe.

Alirudi akiisukuma. Aliiegemeza ukutani kwa Mama Mushiya, akaeleza, akasema safari imekwisha. Ataenda kumwambia baba nini, kwamba mama amebaki katika jivu la kampuni? Sisi majirani tulisema twende tukapige kelele kwenye geti la kampuni. Tulikwenda. Geti halikufunguka, kama kawaida yake.

Tuliporudi, Mama Mushiya alikuwa amekaa kwenye kibao, amevua kilemba. Alikuwa ameshajinyoa kichwa chote. Nywele zake nyeupe zilikuwa mapajani, na sasa alikuwa anakata kucha.

Ngeleka alimshika mkono. "Mama mudogo, nywele ya muntu muzima haiingiake mu kaburi. Unajua."

"Mi na Mbelu tulitoka mu tumbo moja."

"Utajizika."

"Na nani alikuambia mi niko muzima?" Mama Mushiya akauliza. "Nilikuwa mu ile behewa. Beba."

Ngeleka alikataa siku nzima. Jioni Mama Mushiya alizitia katika kitambaa kipya, akakifunga mwenyewe chini ya kiti cha kinga, kwa waya. Hatukumzuia. Ngeleka aliondoka Jumatatu, tukamsindikiza mpaka mwisho wa nyumba. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma liliimba vizuri, na Barnabé akalia bila kujificha.

Juzi alinipigia simu kutoka Lubudi, akiwa bado njiani. Alisema kinga ni nzima, miguu ni mizima, ila amesimama huko siku kadhaa kwa sababu ya matope. Mama Mushiya alikuwa karibu, kichwa wazi, akipepeta unga. Akaomba simu.

"Ngeleka, mvua haijanyesha huku, haijanyesha huko. Si matope, ni nywele yangu unaogopa kuzika. Panda kinga, mutoto wangu."

Akanirudishia simu, akaendelea na unga wake.