Mzigo Unaosema

Baba hakujua kwamba amenenepa, na kosa lilikuwa la ufundi wake. Mtu mwingine suruali ikimbana hushtuka, hujitazama kwenye kioo, hupunguza sukari siku mbili tatu. Baba ni fundi cherehani. Suruali ikimbana, aliufumua mshono wa nyuma, akaachia sentimita moja, akaushona tena kabla chai haijapoa. Kitambaa cha akiba kilipokwisha, akatia kiraka chembamba cha rangi ileile, kazi safi ambayo jicho la kawaida halioni. Miaka kumi na tano ikapita hivyo. Akafika arobaini na tisa akiamini, kwa moyo mweupe, kwamba kiuno chake ni kilekile cha siku ya harusi.

Ngazi ndizo zilizomwumbua.

Duka lake liko chini, sisi tunaishi juu yake, na katikati kuna ngazi kumi na tisa za saruji, nyembamba, zinazopinda kwenye ya kumi na moja. Bibi, mama yake Baba, miguu ilimgomea miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo kila asubuhi Baba alimbeba mgongoni, akamshusha, akamweka kwenye kiti chake mlangoni mwa duka, juani. Na kila jioni akampandisha. Bibi ndiye aliyemfundisha Baba kushona, na pale mlangoni alikuwa na kazi yake: kukagua. Mteja hakuondoka na nguo kabla Bibi hajauvuta mshono kwa kucha na kusema, "Nenda nayo, itakuzika." Hiyo ilikuwa sifa.

Jioni moja, kwenye ngazi ya kumi na moja, Baba akasimama. Akaegemeza kiganja ukutani. Nilikuwa nyuma yao nimeshika mto wa Bibi. Niliona mishipa ya shingo imemsimama Baba na jasho likimtiririka. Bibi, ambaye akiwa mgongoni husema tangu ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, alikuwa kimya. Baba akajikaza, akafika.

Kesho yake alipopiga goti mbele ya kitanda, Bibi akageukia ukuta.

"Leo sishuki. Jua la siku hizi lina makali."

Siku ya pili alikuwa na usingizi. Siku ya tatu akasema amewachoka wateja, watu wa hovyo, hawajui hata pindo ni nini. Siku ya nne akarudia kisingizio cha jua.

"Mama yako anakusitiri," Mama alimwambia Baba mezani.

"Amesema jua ni kali."

"Mvua inanyesha tangu asubuhi, mume wangu."

Chini, kiti kilibaki mlangoni kitupu, na wateja wakawa wanakitazama kwanza ndipo wasalimie.

Lakini Bibi kukaa bure hawezi. Siku ya tano akaomba apelekewe walau vifungo vya kushona. Nikampelekea kikapu cha nguo za nyumbani, na humo ilikuwamo suruali ya Baba iliyodondoka kifungo. Bibi hakugusa kifungo. Aliigeuza ndani nje, kama afanyavyo kwa kila nguo, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa nyuma, taratibu, akakutana na kiraka cha kwanza. Kisha cha pili. Cha tatu akakinusa.

"Niitie baba yako."

Baba akapanda, futi ya kupimia shingoni. Mlangoni alisimama kidogo, akajifanya anakohoa.

"Fundi, hii suruali ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Yako na nani?"

Mama alikuwa jikoni, tukamsikia akicheka.

"Nilikufundisha kupanua nguo za watu," Bibi akasema, "sikukufundisha kujificha ndani yake. Haya, jipime."

Baba amepima nusu ya mtaa, lakini hakuwahi kujipima. Alizungusha futi kiunoni, ncha zikakataa kukutana pale alipozitegemea. Akaniomba nimsomee. Nikasoma kimoyomoyo, nikabaki namtazama.

"Sema tu!" Mama akapaza sauti. "Kama ni pazia, tujue ni la dirisha gani."

Mimi ndiye msomi wa nyumba ile. Nimemaliza chuo mwaka huu, kwa hiyo nilikuwa na majibu mengi kuliko maswali. Nikamweleza Baba habari za jimu iliyofunguliwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya kwanza unajaribu tu, ukipenda unajaza fomu. Nikamwambia mwili hauchoki kujifunza, na kwamba miaka arobaini na tisa ni katikati ya safari. Nililiamini kila neno. Bado naliamini.

"Mwanangu," Baba akasema, "vijana wa kule nawashonea mimi. Vipimo vyao ninavyo. Kuna mmoja mkono wake ni sawa na paja langu. Nikasimame naye kwenye kioo kimoja?"

Wiki nzima akawa asubuhi anasema atakwenda, mchana anasema haendi. Aliwauliza wateja, akamwuliza muuza vocha, akamwuliza hata mtu aliyekuja kuuliza njia. Kinyozi wa duka la pili alimwambia, "Usiende, fundi. Utawavunjia watu mashine." Kisha akashusha sauti: "Ila ukienda, niulizie kama wanaruhusu kufanya mazoezi na fulana. Mimi sivui."

Kilichoamua ni kile kiti. Jumamosi mvua ilianza kukilowesha, Baba akakiingiza ndani, akatafuta pa kukiweka, asipaone. Alizunguka nacho dukani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Mwishowe akakirudisha palepale mlangoni, akakifunika nailoni, akachukua mkasi na kipande cha kitambaa cha suti. Jioni alikuwa na kaptura ya mazoezi yenye mkunjo wa pasi mbele na nyuma, mifuko miwili, na kimfuko cha chaki.

"Unakwenda mazoezini au kuapishwa?" Mama akauliza.

Jumatatu nikamsindikiza. Jimu ilinuka raba na jasho, na kuta zake zilikuwa vioo vitupu, hata ukitaka kujikwepa huna njia. Kocha alikuwa dada wa rika langu, filimbi shingoni. Baba naye, kwa mazoea, alikuja na futi yake shingoni. Wakatazamana kama watu wa kazi moja.

"Karibu, mzee wangu. Lengo lako ni lipi? Tumbo, kifua, au afya tu?"

Baba akavitazama vyuma, akawatazama vijana. "Ngazi kumi na tisa."

"Kuzipanda?"

"Na mzigo."

"Kilo ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Mzigo wa aina gani? Gunia? Maji?"

"Unaosema."

Kocha akacheka, kisha akaona Baba hacheki.

"Ni mama yangu," Baba akasema. "Hataki tena kushuka. Anasema ni jua."

Kocha hakumpeleka kwenye mashine hata moja. Alileta mfuko wa mchanga, nusu ya uzito wa Bibi, akaufunga mgongoni kwa Baba, akamsogezea kidaraja cha mbao. Panda, shuka, panda. Mimi nikawa nahesabu. Yule kijana mwenye mkono kama paja aliacha vyuma vyake akaja kushangilia. "Twende, fundi! Usituangushe!" Ya saba, ya nane. Uso wa Baba ukaiva. Ya kumi na moja akasimama.

"Miguu imegoma?" kijana akauliza.

"Si miguu," kocha akasema. "Nimemwangalia tangu mwanzo. Mzee wangu, unabana pumzi. Hujahema hata mara moja. Kwa nini?"

Baba akavuta hewa kwa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Asinisikie."

"Nani?"

"Sikio lake linakuwa hapa." Akagusa bega la kushoto. "Nikihema atajua kwamba ni mzito."

Kocha alijishughulisha na mikanda ya mfuko, akaifungua na kuifunga tena, ingawa ilikuwa imekaza vizuri tu. Mimi na elimu yangu yote nilikuwa nimehesabu hatua tu.

"Nguvu nitakupa," kocha akasema hatimaye, "lakini nguvu ni kazi ya miezi. Kuhema unaanza leo. Na uheme kwa sauti, mzee wangu, kama cherehani ya miguu."

Baba akaanza upya akihema kama mvukuto. Akapita ya kumi na moja. Akafika ya kumi na tano, akakaa chini huku anacheka. Kijana akampigia makofi, kisha akamwuliza kama shati lake liko tayari.

Tulirudi na fomu haijasainiwa. Baba alisema kuna mtu lazima aulizwe kwanza. Akapanda moja kwa moja mpaka chumbani kwa Bibi, na kaptura yake, akapiga goti mbele ya kitanda.

"Mama, panda."

"Nimeshasema, jua."

"Nitahema."

Bibi akageuka kutoka ukutani. "Utafanya nini?"

"Nitahema. Utanisikia, kinyozi atanisikia, mtaa mzima utanisikia. Na pale kwenye kona tutapumzika. Lakini tutashuka."

Bibi akajiinua kwa kiwiko. "Miaka mitatu nimekaa mgongoni mwa mtu asiyepumua," akasema. "Ulidhani nasema hovyo? Nasema ili usinizimikie ngazini. Siku ile nilinyamaza nikusikilize kama bado uko hai."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe je, uliniambia?" Akaketi. "Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Lakini mimi si usufi, na wewe unajua. Sema."

"Mama..."

"Sema!"

"Mama, wewe ni mzito."

"Hasa jioni."

"Hasa jioni."

"Haya. Geuka, nipande."

Mama akaweka kigoda kwenye kona ya ngazi. Walishuka kwa kituo kimoja, na Bibi akarudishwa kwenye kiti chake, juani. Jambo la kwanza alilolikagua ni ile kaptura. Akauvuta mshono kwa kucha. "Mkunjo wa nini huu? Haya, itakuzika."

Jioni ndiyo ilikuwa mtihani. Baba alihema tangu ngazi ya pili. Alihema kwa uaminifu kabisa, kama alivyofundishwa, na ngazi zile zina mwangwi. Kinyozi akatoka mbio na mashine ya kunyolea mkononi.

"Kuna nini huko? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa!" Bibi akajibu kutoka mgongoni. "Ni mwanangu anapumua!"

Kwenye ya kumi na moja Baba akamketisha kwenye kigoda, naye akakaa ngazini miguuni pake. Akatoa fomu kwenye mfuko wa kaptura. Ilikuwa imelowa jasho, lakini iliandikika. Bibi akanipa nimsomee. Jina, umri, kazi. Palipoandikwa *Lengo la mwanachama*, Baba alikuwa ameandika kwa chaki yake ya kazini, herufi kubwa: KUMSHUSHA MAMA.

"Basi?" Bibi akauliza.

"Basi, Mama."

"Mpanda ngazi hushuka, hiyo kila mtu anaijua. Mwenye kushushwa ndiye asiyesemewa neno." Akanigeukia. "Wewe msomi, ongeza hapo: *na kumpandisha*. Ukimwachia pengo huyu, siku moja nitalala dukani na vitambaa."

Nikaongeza. Baba akainuka, akaegemeza fomu ukutani, palepale alipowahi kuegemeza kiganja, akasaini. Kisha akageuka, akainama.

Bibi akampanda, akajiweka sawa, sikio begani.

"Zimebaki nane, fundi," akasema. "Hema."