Wageni Waliotoka Mawinguni

Salomé Ngoie alikuwa na miaka tisa wakati ndege ya abiria iliyombeba baba yake ilipopotea milimani, ng'ambo ya Ziwa Upemba. Baba yake, Gaston, alikuwa karani wa stesheni ya reli ya Kamina. Watafutaji walirudi mikono mitupu, na waumini wa Kimethodisti wakaimba mbele ya jeneza lisilo na mtu. Tangu hapo, katika ndoto za Salomé, baba alikuwa bado angani, amekaa dirishani, anapita juu ya mawingu bila kutua. Miaka hamsini ilipita. Alifundisha, akastaafu, naye baba bado anaruka.

Mwaka jana Asma, anayeuza samaki wakavu sokoni, alirudi kutoka safari zake za biashara akaja moja kwa moja nyumbani kwa Salomé.

"Mama Salomé, kule juu ya milima iko makaburi ya bantu ya ile ndege ilipotea. Banayachunga kama ya ndugu yabo."

"Asma, usinichezee."

"Minyi niliyaona na macho yangu."

Abner, mdogo wake Salomé, alinunua mfuko mpya wa turubai akampa. "Kama Baba iko kule, umurudishe kwetu," alisema.

Salomé akapanda treni hadi Bukama, kisha pikipiki siku mbili, na mwisho akatembea kwa miguu. Alipofika, wingu lilikuwa limeshukia kijiji. Nyumba zilionekana nusunusu, mbuzi walisikika bila kuonekana, na watu walitokea katika weupe ule mmoja mmoja, wakamsalimia polepole kana kwamba walikuwa wakimngoja. Bibi mmoja, jina lake Mira, akamshika mkono.

Walipita shamba la mahindi hadi kwenye matuta kumi na tisa ya udongo, yamefagiliwa, kila moja na jiwe jeupe kichwani.

"Hatukuyua majina yabo," Mira alisema. "Lakini mama mukwe alisema mugeni asizikwe bila jina. Tukabapatia. Ule njo Mama Mwimbaji, alikuwa na kitabu ya nyimbo. Na huyu njo Wino. Shati yake ilijaa wino, hapa kwenye moyo. Mukono wa kushoto haikukuwa na kidole kidogo."

Salomé akakaa chini. Kidole kile cha baba kilikatwa na mlango wa behewa kabla yeye hajazaliwa. Utotoni alikuwa akisinzia ameshika lile pengo.

Hakulia. Alihisi tu mwili unalegea, mzito na mtulivu. Akajilaza kwenye nyasi kando ya tuta na usingizi ukamchukua hapo hapo mchana, Mira amekaa karibu. Hakuota chochote.

Alipoamka, wingu lilikuwa limepanda, na mabonde yanaonekana mpaka macho yanachoka. Mbele yake alisimama mwanamume wa makamo, jembe begani.

"Mutoto yangu wa kwanza," Mira alisema. "Alizaliwa mwezi ile ile ya ndege. Tulimupatia jina ya mugeni, isipotee. Anaitwa Wino."

Mwanamume akaweka jembe chini, akapinda magoti kidogo na kupiga makofi ya heshima.

"Karibu, dada. Minyi njo ninafagiaka hapa kwa baba."

Salomé alitazama mfuko wa Abner mapajani mwake. Akaukunja mara mbili.

"Jina yake ilikuwa Gaston," alisema.

Wino akalirudia jina lile kwa sauti ya chini, mara tatu, kuuzoesha mdomo.

Salomé alikaa kwao siku nne. Alipofika Kamina na mfuko mtupu, Abner alikasirika, hakumsemesha juma zima. Jumapili, baada ya ibada, akaja akaketi kwenye kibaraza cha Salomé.

"Huyu Wino," alisema hatimaye, "anafanana na nani?"

"Mama yake."

"Lakini alikuita dada."

"Aliniita dada."

Abner akauliza kama barabara ya huko inapitika wakati wa kiangazi.