Gitaa la Chuma la Mzee Tandy

Murhula Marcellin alipoteza vidole viwili bila kukatwa. Ilikuwa mwaka 2013, miezi minane tangu afike Louisville, Marekani, katika kiwanda kimoja cha masanduku huko Jeffersontown. Mashine ilimbana mkono wa kushoto. Madaktari walipomaliza kazi yao, kidole cha kati na cha pete vilikuwa bado mahali pake, ukivitazama utadhani vizima, ila havikukunjika tena.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na maisha. Marcellin alishukuru pia. Lakini Bukavu, kwao Kongo, na baadaye katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale kule Uganda, yeye ndiye aliyekuwa mpiga gitaa la solo wa kwaya, na watu walimjua kwa mkono ule. Mkewe Josiane, aliyezikwa Nakivale, alizoea kuwaambia wanawake wenzake kwamba alimpenda kwa masikio kwanza, macho yakafuata. Hawakujaliwa mtoto. Gitaa lake Marcellin aliliacha kanisani siku alipotolewa bendeji, na hakuuliza tena ni nani anayelipiga. Katika nyumba yake ya kupanga mtaa wa Iroquois, kitu pekee kilichotoa sauti kilikuwa friji.

Alipopona alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko ndiko alikokutana na Cleophus Tandy.

Mzee Tandy alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka themanini na saba, mwembamba, mkali wa maneno. Wafanyakazi walipokezana kumkwepa. Hakuna mgeni aliyewahi kuandikisha jina mlangoni kwa ajili yake. Marcellin alimwosha, akamlisha, akamnyoa ndevu, na kwa muda wa majuma mawili hawakuzungumza zaidi ya “geuka” na “asante”.

Siku moja mchana, akipiga deki, Marcellin alivuta kasha refu lililokuwa chini ya kitanda. Kasha likavuma, kama mtu aliyeguna ndani yake.

“Liache hilo!” mzee alifoka. Kisha akamtazama. “Mbona umesimama hivyo? Unajua ni nini?”

“Ni gitaa,” Marcellin alijibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. “Lakini sauti yake si ya mbao.”

Mzee akajiinua juu ya mto. “Lifungue.”

Lilikuwa la chuma tupu, limeng'aa mahali pengine na mahali pengine limefifia kwa jasho la miaka. Kifuani, pale ambapo gitaa la kawaida huwa na tundu, palikuwa na mfuniko wenye matobo kama kichungio. Mzee alimweleza kwamba chini ya mfuniko ule mna sahani nyembamba ya alumini iliyopinda kama faneli, na nyuzi zinapotikisika, sahani ndiyo inayopaza sauti. Magitaa ya namna hii yalianza kutengenezwa yeye akiwa mtoto mchanga, wakati umeme ulikuwa bado haujaingia kwenye muziki.

“Watu walikuwa wanacheza, wanakunywa, wanagombana,” alisema. “Gitaa la mbao nani angelisikia? Hili lilisikika mpaka barabarani. Mtu mmoja, kiti kimoja, na chumba kizima kinageuka kukutazama. Ndiyo maana sisi wa blues, muziki wetu wa majonzi, tulilipenda. Halafu magitaa ya umeme yakaja, wengi wakayatupa haya ya chuma. Mimi sikulitupa.”

Marcellin alilifunga kasha. “Mimi nilipiga zamani,” alisema, akainua mkono wa kushoto ili mzee auone.

Mzee aliushika, akakunja kidole kimoja kimoja kama fundi anayepima. Viwili vilikataa. Cha mwisho, kidogo, kilikubali.

“Hiki kinatosha,” alisema.

Ndani ya kasha mlikuwa na kipande cha shingo ya chupa, kimesuguliwa kingo zake mpaka zikawa laini. Mzee alimvisha kwenye kidole kidogo. Akamwonyesha namna ya kulegeza nyuzi ili zikipigwa zote pamoja bila kubanwa zipatane zenyewe, kisha akamwambia atelezeshe kioo juu ya nyuzi, taratibu, bila kuzikandamiza. Marcellin akatelezesha. Sauti ilipanda kwa mvuto, ikatetemeka, ikafika mahali ambapo vidole vyake vizima havikuwahi kuifikisha. Ilikuwa kama sauti ya mtu. Akaitoa ile chupa upesi na kusema ana wagonjwa wengine wanaomsubiri.

Kesho yake alirudi kabla ya zamu, na kesho kutwa pia. Kwa mwaka na zaidi, saa nzima kila mchana ilikuwa ya gitaa. Mzee hakusifu kamwe. “Umekimbia tena,” ndilo neno lake. “Unapiga kama mtu anayewahi basi. Dole gumba litembee, chupa ikae nyuma kidogo.” Wimbo alioupenda kuliko zote haukuwa na maneno, aliutunga mwenyewe Buffalo, alipokuwa akifanya kazi ya kuyeyusha chuma. Huko alioa, akapata binti, na huko aliwaacha.

“Nilikwenda kupiga Cleveland kwa siku tatu,” alisema siku moja akitazama dirisha. “Sikurudi. Binti yangu Verlene alikuwa na miaka tisa. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe, na jibu lake halisemeki.”

Alifariki Septemba 2015, siku ambayo Marcellin alikuwa mapumzikoni nyumbani. Alipoingia kazini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Mzee aliacha karatasi iliyotiwa saini mbele ya mwanamke wa ofisini: gitaa lipelekwe kwa Verlene Tandy, Black Rock, Buffalo, na Marcellin alipeleke kwa mkono wake.

Aliomba likizo ya juma moja. Kwa kuwa basi lilipitia Columbus, aliamua kulala kwanza kwa Karoli.

Yeye na Karoli walikua pamoja Bukavu. Katika kwaya Marcellin alipiga solo na Karoli akamfuata kwa gitaa la ritimi, na watu walisema wanapumua kwa pua moja. Sasa Karoli alikuwa mchungaji, ana kanisa dogo katika ukumbi wa kukodi. Walikumbatiana, wakala ugali na sombe, kisamvu cha kwao, wakataja majina ya marehemu. Kisha Karoli akaona kasha.

“Bon, unapiga tena? Na ile mukono?” aliuliza kwa Kiswahili cha Bukavu, chenye Kifaransa ndani yake.

Marcellin akampigia wimbo wa Mzee Tandy. Karoli alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipokwisha hakupiga makofi.

“Iko nzuri,” alisema. “Lakini ni ya wapi, ile?”

“Ni blues. Ni ya wazee wa hapa.”

“Ya mu kanisa?”

“Hapana. Ya mu mabaa, mu barabara. Lakini Karoli, sikiliza vizuri. Inalia kama mama zetu benye kuomboleza. Kesho nipe dakika tano, niwapigie bakristu wimbo ya zamani na hii chupa.”

Karoli alijikuna shingo. “Ndugu yangu, donc, usikasirike. Miye niko mwenye kuchunga batu. Batu bamelia ya kutosha. Bakisikia ile, batasema muchungaji ameleta bilio ya dunia mu nyumba ya Mungu. Kesho ukae na siye, tuimbe. Ile gitare uiache hapa.”

“Weye unasema nini? Siyo batu. Weye.”

“Miye ninaogopa ile sauti,” Karoli alisema polepole. “Ninaona kaburi ya Josiane. Sipendi.”

Jumapili Marcellin alikaa benchi la nyuma, mikono mitupu. Kwaya iliimba kwa kinanda chenye ngoma za kujipiga zenyewe. Mpiga solo hakuwepo, na pengo lake hakuna aliyeliona. Karoli alimsindikiza kituoni Jumatatu asubuhi, akambebea kasha mpaka mlangoni mwa basi. Waliahidiana kupigiana simu. Wote wawili walilisema jambo hilo wakitazama kando.

Safari ya Buffalo ilichukua karibu siku nzima. Mvua ilinyesha tangu Cleveland. Kasha lilikataa kuingia kwenye rafu ya juu, hivyo akalipakata mapajani, na kila basi lilipopita kwenye mashimo, kile chuma kiliguna.

Verlene Tandy alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili, mnene, mwenye magoti mabovu. Alifungua mlango, akaliangalia kasha kabla ya kumwangalia aliyelibeba.

“Amekufa,” alisema.

“Ndiyo, Mama. Mwezi uliopita. Pole sana.”

“Ingia, unalowa.”

Alimkalisha jikoni, akampa kahawa. Kasha lilibaki sakafuni kati yao. Aliuliza jambo moja tu: “Nani alikuwa naye?”

Marcellin angeweza kudanganya. Njia nzima aliandaa maneno ya kumfariji. “Hakuna mtu,” alisema. “Mimi nilikuwa nyumbani, nafua nguo.”

Verlene alitikisa kichwa mara kadhaa. “Nilikuwa nalisikia hilo likilia chumba cha pili,” alisema. “Nalala nikilisikia. Aliponiacha, sikujua kama namkumbuka yeye au namkumbuka hilo. Unajua kulipiga?”

“Alinifundisha.”

“Alikufundisha wewe.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. “Basi piga.”

Alipiga. Alijitahidi asikimbie, akaliacha dole gumba litembee. Katikati ya wimbo Verlene aliinuka, akasimama kwenye sinki akimpa mgongo, bomba likiwa limefungwa. Ulipokwisha hakugeuka.

“Mimi sijawahi hata kuligusa,” alisema. “Hakuruhusu. Nionyeshe.”

Marcellin alikusudia kuondoka jioni ile. Alikaa siku tatu. Usiku alilala kwa akina Mukandoli, familia ya Kinyamulenge kutoka Kongo iliyokuwa na nyumba upande wa pili wa barabara, na kila asubuhi alivuka kwenda kwa Verlene. Vidole vyake Verlene vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, lakini kuteleza hakuhitaji nguvu. Walizungumza kidogo sana. Siku ya tatu aliweza kuupiga mwanzo wa wimbo, nusu dakika hivi, bila kusimama. Kisha akaliweka gitaa mezani na kulia kwa sauti, huku Marcellin ameshika kikombe, hajui mikono yake iende wapi.

“Asante,” Verlene alimwambia mlangoni. “Sijamsamehe, ujue. Nimejifunza tu.”

Marcellin alirudi Louisville mikono mitupu. Nyumba ilikuwa na baridi. Chumba cha Mzee Tandy kilishapewa bibi mmoja aliyependa televisheni, na ile saa ya mchana ilimkuta Marcellin amesimama koridoni na taulo, hana pa kwenda. Mwezi wa kumi na moja alinunua gitaa kuukuu la mbao dukani kwa mtu, akalegeza nyuzi, akavaa kipande cha bomba kidoleni. Sauti ilitoka, ndogo, ya kusikiwa na mtu mmoja.

Karoli hakupiga simu, wala yeye hakumpigia. Verlene alipiga simu Februari, theluji ikiwa imemfungia ndani. Hakusalimia sana. Aliweka simu mezani akapiga wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, na pale katikati alikosea na kuendelea. Marcellin alisikiliza ameketi ukingoni mwa kitanda.

“Upo?” Verlene aliuliza.

“Nipo, Mama.”

“Haya.” Akakata.

Marcellin aliiweka simu mfukoni. Kisha akavaa koti na kwenda kusubiri basi la kazini.