Shangazi wa Mnarani

Wageni watano walikuwa wamebanana nyuma ya kiti chake, wakipumua kwa hadhari kama watu walioingia chumba cha mgonjwa, na mwongozaji wa ndege hakugeuka kuwasalimia. Visikizio masikioni, kalamu mkononi, na ndege tatu zote zilitaka kutua kwa wakati mmoja. Alizipanga moja moja, kila rubani akirudia alichoambiwa, kisha akafunua sikio moja na kuwakaribisha. Sauti ilikuwa imemkauka. Hii ilikuwa siku yake ya sita bila mapumziko, na miguu imevimba ndani ya viatu.

Wageni hawa, marubani wenye vindege vyao vya kurukia Jumamosi, walimwita Shangazi, kwa jinsi alivyowakaripia hewani. Alilijua jina hilo wala halikumkera. Kazi ilikuwa imeshamwingia hadi nyumbani: akiombwa chumvi huirudia sentensi nzima kabla ya kuisogeza, na binti yake humwambia, mama, hapa hakuna anayetua.

Ziara ilikuwa wazo la bosi. Marubani waje, waione kazi, waelewane na watu wa mnarani. Mwenyewe aliwafikisha juu, akamnong'oneza Shangazi kwamba ile fomu anaitaka ikiwa na saini kabla ya saa kumi, akashuka.

Fomu ya kuripoti tukio ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai iliyopoa. Siku nne nyuma, kindege cheupe kilikata mbele ya uwanja bila ruhusa wala neno, ndege yenye abiria sabini ikiwa karibu kugusa ardhi. Aliiamuru ndege kubwa ipande tena. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku ile akifumba macho analiona bawa jeupe. Fomu ikifika inakokwenda, mwenye kindege atanyang'anywa leseni, na Shangazi alitaka anyang'anywe.

Mgeni mmoja, daktari wa meno mwenye mvi, aliuliza nani hukaa kwenye kiti cha pili. Alijibiwa kwamba aliyekikalia alihamishwa mwezi uliopita na hajaletwa mwingine. Redio zote mbili ni za Shangazi, na simu pia. Wenzake walipokwenda dirishani kugombea darubini, daktari alimsogelea.

"Shangazi, kile kindege cheupe ni changu."

Hasira ilimpanda Shangazi. "Kwa nini hukuniita?"

"Nilikusikia redioni unahangaika. Huku unajibu, kule unajibu. Nikasema mama wa watu amezidiwa, nisimsumbue. Nikapita taratibu."

Adabu, basi. Watu sabini nusura wafe kwa adabu. Alitamani kucheka, alitamani kumnasa kofi, na uchovu haukumwachia nguvu ya lolote.

"Daktari, kazi yangu mimi ni kusumbuliwa," alisema. "Ukinyamaza, kwangu hupo."

"Nimekosa. Andika tu."

Aliivuta fomu. Kosa la rubani lilikuwa limeshajazwa. Chini kabisa palikuwa na swali juu ya hali ya kazi mnarani wakati wa tukio, na bosi alikuwa amejibu kwa mwandiko wake mwenyewe: kawaida. Lawama za uhaba wa watu zingemwangukia bosi. Juzi alikuwa amemkumbusha Shangazi, kwa upole wa kuogofya, kwamba mtu aliyebakiza miaka miwili astaafu hajitafutii balaa.

Shangazi alilikata neno lile. Akaandika polepole kwamba alikuwa peke yake, redio mbili na simu, saa ya kumi na moja ya zamu, na kwamba rubani alimsikia amezidiwa hadi akaona vibaya kumwita. Kosa la daktari aliliacha kama lilivyoandikwa.

Daktari alikuwa akisoma juu ya bega lake. "Mimi leseni yangu ni ya kujifurahisha tu," alisema. "Wewe hiki ni chakula chako."

"Najua." Akatia saini. Aliogopa kweli.

Ngazini vilisikika viatu vya bosi vikipanda, vikipumzika, vikipanda tena. Redio ya kushoto iliita. Shangazi alifunika sikio, akamwuliza rubani yuko wapi, akageukia dirisha kumtafuta angani. Karatasi aliiacha mezani, uso juu, wino haujakauka.