Akaunti ya Silvère

Alhamisi asubuhi umeme ulikatika ofisini kwao Kacyiru, ukarudi baada ya dakika tano, na seva, ile kompyuta inayopokea maagizo ya damu ya vituo vya afya, ikagoma kuamka. Ntare hakushtuka. Mambo ya seva hayo, alijiambia. Akaketi, akasoma maandishi ya kwenye skrini, akayarudia tangu mwanzo. Programu ilikuwa inaitafuta maktaba yake moja, lile faili la msimbo ambalo bila hilo haiwezi kufanya lolote, na ilikuwa inaitafuta ndani ya folda ya mwenzake, Silvère.

Folda ya Silvère haikuwepo tena. Ntare mwenyewe ndiye aliyeifuta Jumatatu.

Jamani, utaratibu ni utaratibu. Mtu akiacha kazi, au akifa, akaunti yake inafungwa saa hiyo hiyo na kila kilichomo kinaondoka nayo. Ofisini kwao walijivunia jambo hilo. Jumatatu saa nne asubuhi ujumbe uliingia kwenye kundi lao la simu: Silvère ametutoka, kule hospitalini. Bosi wao, Béatha, akamwambia Ntare huku analia amalize mambo ya akaunti. Ntare akamaliza, naye akilia. Hata mazishini hakuna aliyeuliza zaidi. Programu iliendelea siku tatu kwa sababu ilikuwa imekwisha kuipakia maktaba ile kwenye kumbukumbu. Ilipozimika tu, basi.

Akajaribu kuijenga upya. Akapakua mtandaoni maktaba ya aina ile ile, akakompaili, yaani akaugeuza msimbo uwe programu. Mistari yote ikapita, lakini kwenye kuunganisha, mwisho kabisa, ikakataa: programu inaita kitu ambacho maktaba haina. Akajaribu toleo la zamani. Wapi! La zamani zaidi. Wapi! Saa sita ndipo alipoelewa. Silvère alikuwa ameongeza humo kipande chake mwenyewe, cha kutuma tena agizo mtandao unapokatika huko mikoani, na hakuwahi kukihamisha kutoka kwenye folda yake. Nakala za akiba hazikuwa zikigusa folda za watu. Wakati huo vituo vya afya hamsini vinaagiza damu kwa simu mbili za Béatha, na kimoja kina mama aliyejifungua anavuja damu.

Ilibaki kompyuta ya mkononi ya Silvère, huenda humo kulikuwa na nakala. Nayo ilikuwa mtaa wa Kagugu, kwa mjane wake, Spès. Nani asiyejua kwamba huendi kuomba kitu nyumba yenye msiba kabla matanga hayajaanuliwa? Ntare alipanda pikipiki hivyo hivyo, na aibu yake.

Spès alimpokea uani, mbele ya viti vya wafiwa. Yeye alikulia Bujumbura, Ntare Mwanza, na Kiswahili ndicho kilichokuwa chao siku zote.

"Shemeji, nisamehe sana," akasema Ntare, akaeleza yote: maktaba, folda, mama yule. Hakuficha kwamba ndiye aliyefuta.

Spès akamtazama. "Ulifuta lini?"

"Jumatatu, saa nne na nusu. Tulipopata habari."

"Habari gani, shemeji? Silvère alikufa saa kumi jioni."

Ntare alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa.

"Saa nne alizimia, wakamkimbiza chumba kingine," Spès akaendelea polepole. "Labda kuna mtu aliwaandikia haraka. Lakini alizinduka. Saa saba akaniomba kompyuta. Akasema kuna kitu chake lazima akihamishe, la sivyo mtakuja kupata shida. Akaandika neno la siri la akaunti ya kazini mara tatu, ikamkataa. Akaniambia, 'Spès, wamenifukuza. Sijui nimewakosea nini.' Nikamwambia labda ni mtandao. Hakuniamini. Hakutaja tena kazi."

Ntare alilia pale pale mbele ya watu, na Spès hakumbembeleza. Aliingia ndani, akatoka na kompyuta. "Fanya kwanza. Huyo mama hana kosa."

Maktaba ilikuwemo. Akaituma ofisini, akaunganisha akiwa amekaa kati ya wafiwa, na safari hii haikutoka hata hitilafu moja. Saa tisa kasorobo Béatha alipiga simu: mama amepata damu, anapumua vizuri. Ntare akamshukuru Mungu, akaifunga kompyuta, akamrudishia Spès.

"Jumapili tunaanua matanga," Spès alimwambia langoni. "Watu watasimama kumzungumzia. Wewe utalisema hili. Wanangu walikuwepo chumbani, walimsikia baba yao."

Jumapili alisimama mbele ya watu wasiopungua mia, Béatha akiwa miongoni mwao. Karatasi aliyoiandika aliiacha mfukoni.

"Silvère hakufukuzwa," akasema. "Mimi nilifuta jina lake akiwa bado hai, kabla sijahakikisha. Saa zake za mwisho alikuwa anabisha hodi aingie atusaidie, na mimi nilikuwa nimeshafunga."

Umutoni, binti mkubwa wa Silvère, mwenye miaka tisa, akainuka kwenye kiti chake cha mbele.

"Kwa hiyo baba hakujua kwamba hamkumfukuza?"

Ntare akamgeukia Spès, naye Spès akawa anamngoja ajibu mwenyewe.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hakujua."