Tumbo la Twiga

Mafundi wa saiti walimpachika jina la Twiga kwa sababu maisha yake yalikuwa juu. Miaka kumi na saba mama huyu aliendesha kreni, amekaa kwenye kibanda cha kioo mita arobaini kutoka ardhini. Ngazi ilikuwa na vipago mia moja na tisini. Kule juu hakuna choo. Haja ndogo ina utaratibu wake, kila mwendesha kreni anaujua na tusiende huko, lakini ile nyingine inasubiri mpaka ushuke.

Halafu vijiwe vikajaa kwenye mfuko wake wa nyongo. Akajikunja kwa maumivu wiki mbili nzima akidai ni gesi, mpaka daktari akautoa mfuko wote. Wiki sita baadaye kidonda kimepona, ruhusa ya daktari anayo, akarudi kazini kwa madaha kama mtu aliyetoka likizo. Lakini tumbo lilikuwa na mambo yake. Akila kitu chenye mafuta, hazipiti dakika ishirini linaanza kunguruma na kumwamuru aende chooni, tena mbio.

Sasa sikilizeni akili aliyotumia. Mtu mzima, kichwa timamu, aliamua kwamba tumbo lisilo na kitu halina la kudai. Akawa anapanda asubuhi bila hata kikombe cha chai, anashinda na njaa mpaka saa saba mchana, anashuka anatetemeka, ndipo anafungua chakula alichofungiwa na wifi yake. Wifi huyo, dada wa mumewe, alihamia pale nyumbani siku ya operesheni ili amuuguze, na mabegi yake hayakuonyesha dalili ya kufungwa. Imani yake ilikuwa moja tu, kwamba mgonjwa hupata nguvu kwa mafuta. Kuku wa kukaanga, viazi vya kukaanga, hata mchicha wake ulikuwa unaogelea. Twiga alifakamia vyote, akapanda tena.

Siku tatu aliponea chupuchupu, ya nne yakamkuta. Mzigo wa nondo ulikuwa unaning'inia hewani tumbo lilipotoa amri. Akajikaza kisabuni, jasho likamtoka, mwisho akabonyeza redio.

"Kasuku, naweka mzigo chini. Nahitaji kushuka."

Kasuku ndiye fundi wa chini aliyekuwa akimwelekeza mizigo, na jina lake linajieleza. "Kuna hitilafu?" akauliza. Redio ile inasikika saiti nzima, kwa hiyo watu hamsini wakanyamaza waisikie hiyo hitilafu.

"Ni tumbo," akasema Twiga.

Jinsi alivyoshuka vile vipago sitaeleza. Alifika, tuishie hapo. Jioni utani ulikuwa umeshazunguka: mwendesha kreni siku hizi anaendeshwa na tumbo. Twiga alicheka nao, ila ndani aliumia sana. Asiyecheka alikuwa msimamizi, na hilo ndilo lililomtia tumbo joto zaidi. Alimwita ofisini akafunga mlango.

"Baada ya wiki tatu tunapandisha boriti za paa," akasema. "Kumi na mbili. Barabara itafungwa siku hiyo moja tu. Ni masaa manane, mama, na hakuna kushuka. Nimeshamwita mwendesha kreni mwingine, atakuwa chini anasubiri. Ukishuka kabla ya boriti ya mwisho, kreni ni yake na wewe utakwenda stoo."

Stoo maana yake ni kugawa glavu na kofia kwenye chumba kisicho na dirisha. Twiga alikiogopa chumba kile kuliko alivyokiogopa kisu cha daktari.

Kesho yake akaenda kliniki. Nesi akamuuliza anakula mara ngapi kwa siku.

"Mara moja. Lakini nashiba."

Nesi akaweka kalamu chini, akamtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. "Mama, zamani nyongo ilikuwa inakaa kwenye mfuko ikisubiri ule. Mfuko haupo. Sasa inadondoka kwenye utumbo kutwa nzima, uwe umekula au hujala. Unaliacha tumbo tupu, nyongo inaliwasha. Halafu unalishushia mlima wa mafuta ambao halina uwezo wa kuubeba kwa mkupuo. Kula kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili tatu. Punguza mafuta, kahawa na pilipili. Shayiri ongeza polepole. Mwili utazoea, ila upe muda."

"Nile nikiwa kwenye kreni?"

"Hata ukiwa kwenye kreni."

Wifi alipopewa habari alizichukua kama tusi. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibu tumbo," akasema, akanuna siku mbili. Siku ya tatu, Jumapili, akamkuta Twiga barazani kwenye kiti cha plastiki, magoti yamebana, macho yametazama ukuta.

"Wifi, unafanya nini hapo?"

"Niko kazini. Sitoki hapa masaa manane."

Wifi aliona huu sasa ni wazimu. Akaingia ndani, akakaa, akatoka na saa ya ukutani, akaitundika mbele yake. Kuanzia siku hiyo akawa kamanda. "Saa tatu, wifi, kula." Viazi vya kuchemsha. "Saa tano, wifi, kula." Wali na kuku aliyevuliwa ngozi. Mara ya kwanza Twiga alishindwa saa tano na robo, na wifi akaungama kupitia mlango wa choo kwamba wali ule aliutia mafuta, kijiko kimoja tu, roho ilimuuma kuuona mkavu vile. Jumapili ya pili alifika masaa sita. Ya tatu akamaliza yote manane, na wifi akapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Siku ya boriti Twiga alikunywa uji wa shayiri, akapanda saa moja asubuhi na vibakuli vitano vya chakula kwenye begi mgongoni. Kila mafundi walipokuwa wakikaza boriti, yeye alikuwa akitafuna. Saa tatu, saa tano, saa saba. Boriti tisa zilikuwa mahali pake upepo ulipovuma, na upepo ukizidi kiwango kreni haigusi kitu. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Saa tisa tumbo likanguruma.

Hapo hapo redio ikaita. "Twiga," akasema msimamizi, tena kwa upole. "Masaa manane yameisha, na hakuna atakayekulaumu. Shuka, mwenzako amalizie."

Mwenzake alikuwa ameshavaa mkanda wa usalama, mkono mmoja kwenye ngazi. Twiga akaogopa kweli kweli. Akalisikiliza tumbo lake kama anavyoisikiliza injini, na baada ya wiki tatu za kiti kile alilijua vizuri. Ile haikuwa amri. Ilikuwa njaa ya saa tisa. Akafungua kibakuli cha nne.

"Twiga, unanisikia?"

"Nakusikia, nina chakula mdomoni," akajibu. "Namaliza kula, upepo ukitulia mniletee boriti ya kumi."

Akala polepole mpaka chembe ya mwisho. Upepo ulitulia saa kumi. "Haya, Kasuku, funga," akasema, na boriti ya kumi ikapaa, kisha ya kumi na moja. Ya kumi na mbili iligusa nguzo zake jua likiwa limeshapoa, na watu hamsini wakaanza kugonga vyuma kwa nyundo, kelele tupu. Twiga alilia kule juu peke yake, analia huku anacheka, kisha akajifuta akashuka. Kipago kimoja kimoja, bila haraka yoyote.

Mwenzake alikuwa amevua mkanda. Akampa mkono, akasema hongera, dada, na akamaanisha. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na ubao wa ratiba.

"Kesho kuna zege," akasema. "Utapanda saa moja?"

"Nitapanda. Lakini kila saa mbili nakula, dakika kumi, na mzigo unasubiri. Liandike hilo."

Msimamizi akatoa kalamu mfukoni, akaliandika kwenye ratiba mbele ya watu wote.