Meli ya Bluu na Meli Nyeupe

Dobi hakuwahi kupumzika maishani mwake, na hakuona kwa nini aanze uzeeni. Kwake yeye kupumzika ilikuwa kazi ya marehemu, na marehemu mwenyewe hupewa kwanza shuka safi. Kwa hiyo siku binti yake, mkunga asiyependa maneno mengi, alipoweka vijitabu viwili juu ya meza ya kupigia pasi na kutangaza kwamba baba na mama wanakwenda kutembea baharini wapende wasipende, mzee alivitazama kama nguo iliyoletwa na doa la kutu. Binti hakungoja ubishi. Alisema meli ni mbili, za kampuni moja, wachague wanayoitaka na kumwona wakala. Kisha akaenda zake zamu.

Vijitabu alivichukua mama. Goti lake la kulia lilikuwa limechoka kwa miaka ya kusimama mbele ya pasi, na hata kizingiti cha mlango wao alikivuka kwa kujishikilia. Alizilinganisha meli zile kama mzazi anayelinganisha wachumba wawili wa bintiye, kwa upole usoni na ukali moyoni. Meli ya bluu ilikuwa na lifti pana, ukumbi wa chakula karibu na vyumba, na dirisha ambalo mtu aliyelala kitandani anaona maji. Meli nyeupe ilikuwa ndefu zaidi, yenye ghorofa juu ya ghorofa, ukumbi wa michezo ya kuigiza na mabwawa ya kuogelea. Dobi, aliyekuwa akikamua shuka za nyumba ya wageni, aliuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayebeba maji kuyapeleka baharini.

"Basi tumekubaliana," mama akasema. "Bluu."

Dobi akafuta mikono, akavisogeza vijitabu karibu na uso, akapitisha macho juu juu kwenye cha bluu, kisha akafungua cha pili. Kwenye meli nyeupe akakaa sana. Aliporudisha kijitabu mezani sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nyeupe," akasema.

Mama akamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba ameipenda tu. Neno kupenda mama hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa mume wake kwa ajili ya kitu chochote chenye injini, na alingoja maelezo mpaka akachoka. Akasema haya, maisha yote umechagua wewe, chagua na hili, na goti langu nitalibeba mwenyewe. Dobi akarudi kwenye beseni lake, roho ikimwuma, maana alikuwa na sababu, tena kubwa kuliko meli yenyewe.

Katika picha ya chumba cha meli nyeupe, miguuni pa kitanda kilichotandikwa, palikuwa na taulo zimekunjwa, na pembe ya kila taulo ilikuwa imechomekwa ndani ya mkunjo kama ulimi uliorudi kinywani. Ukunjaji ule ulikuwa wa nyumba yao. Baba yake Dobi ndiye aliyeubuni, ili mzigo usifumuke njiani wala usihitaji kamba, na haukufundishwa kwa mtu asiye wa damu yao. Madobi wengine walijaribu kuuiga wakashindwa. Pembe ya Dobi iliingia kulia. Ya kwenye picha iliingia kushoto, na mkono uliokuwa ukiichomeka kushoto ulikuwa mmoja tu duniani.

Kijana wao walimwita Mashoto tangu utotoni, kwa utani, na yeye akaitika akicheka. Utani ukaisha alipoanza kazi. Mizigo ya baba iliegemea huku, yake ikaegemea kule, na ikipangwa pamoja kabatini rundo zima linaporomoka mbele ya wateja. Dobi alikuwa na hoja, na hoja hiyo anayo mpaka leo. Akamwamuru abadili mkono. Kijana alijaribu, na kila alipojisahau mkono ukarudi ulikozoea. Samaki mkunje angali mbichi, mzee akawa anasema kutwa, kana kwamba methali ile ilitaja na upande wa kumkunja. Mwisho wake ni kwamba asubuhi moja, wateja wakiwa mlangoni, alivuta kabatini kazi yote ya mwanawe, akaifumua, akaitupa sakafuni kwenye maji ya sabuni. Mama alikuwepo, pasi mkononi, na hakusema kitu. Kijana aliwatazama wote wawili, akavua aproni, akaondoka. Baadaye mteja mmoja aliyewahi kufanya kazi bandarini alisema amemwona na watu wa kufua wa meli kubwa. Baada ya hapo hawakusikia lolote, wao wala dada yake, kwa miaka ya kutosha mtoto kuzaliwa na kuanza shule.

Na mama alikuwa ameweka sheria. Jina la mwanangu, alisema siku ile, usilitaje mpaka utakapoweza kulitaja vizuri. Dobi hakujua kulitaja vizuri ni kulitajaje, kwa hiyo alinyamaza, na kimya kile kikawa kama jamaa wa nne pale nyumbani.

Siku ya pili mama hakuzungumza naye ila kwa mambo ya wanga na sabuni. Siku ya tatu Dobi akashindwa. Alileta kijitabu cha meli nyeupe, akakiweka juu ya ubao wa pasi, akaweka kidole kwenye taulo.

"Huyu ni Mashoto," akasema. "Ni mwanangu huyu. Yupo hai, na kazi yake ni safi kuliko yangu."

Mama aliinua pasi akaisimamisha. Alikitazama kile kidole, akaitazama picha, machozi yakamshuka bila sauti na bila haya. Akasema kumbe ndiyo sababu, na wewe ukaniacha nikulaumu siku mbili nzima. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kuhakikisha mambo, akachukua na kijitabu cha meli ya bluu. Alikuwa amekisoma mara nyingi lakini alikuwa akitafuta lifti na madirisha. Sasa akatafuta vitambaa. Penye viti vya kuotea jua aliona marundo ya taulo, yote yameegemea upande mmoja, na pembe zote zimeingia kushoto.

Wakatazamana. Dobi alihisi kama mtu aliyeshika ufunguo akaambiwa mji mzima una kufuli za aina ile ile. Alikuwa na hakika mkono ule ni mmoja, kwa sababu yeye mwenyewe asingemfundisha mgeni hata kwa kisu shingoni. Mpaka hapo haikuwa imempitia akilini kwamba mwanawe angeweza kufundisha watu.

"Kawapa wote," akasema polepole. "Siri ya babu yake kawapa wote."

"Wewe ulimpa ukamnyang'anya," mama akasema. "Yeye kawapa akawaachia."

Dobi akajitetea kwa methali iliyokuwa karibu, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama akajibu kwamba yeye hakuchelea, na bado wamelia wote.

Kwa wakala walikwenda pamoja, mama akimshika mumewe mkono kwenye ngazi tatu za kuingilia. Ilikuwa ofisi ndogo yenye kioo mbele, feni inayolalamika, na picha za meli ukutani zilizoanza kupauka kwa jua. Wakala, msichana mwenye miwani na adabu nyingi, aliwaamkia, akawapa viti, akaanza kuwaeleza tofauti za vyumba. Mama akamkatiza kwa upole, akamweleza habari nyingine kabisa. Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mambo ya wafanyakazi hawaruhusiwi kuyatoa, ila anajua kuna mtu anayezunguka meli za kampuni ile akifundisha watu wa kufua na kutandika, na ujumbe unaweza kumfikia. Aandike umetoka kwa nani?

"Andika mama yake," mama akasema upesi.

Wakala akamtazama Dobi. Dobi alikuwa anakagua feni. Akaandika mama yake.

Jibu lilichukua siku nyingi. Dobi alifua, akachemsha, akaanika, na mara mbili alirudisha mzigo kwa mtu asiye wake, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulijua. Mama hakumsema. Kila simu ilipolia wote wawili waliacha walichokuwa wakifanya, na wakala alipopiga hatimaye, aliwaambia waje ofisini, kwa simu isingefaa.

Ujumbe ulikuwa mfupi. Wakala aliusoma mara mbili ili wausikie vizuri. Mashoto alikuwa anauliza mama atapanda meli gani, na aliomba ajibiwe kabla hajapangiwa safari yake inayofuata, maana wakuu wake humsikiliza akiomba meli.

Mama alicheka, akajifuta macho, kisha kicheko kikamkauka. "Anauliza ili aje," akasema, "au ili apande ile nyingine?"

Wakala alisema kwa masikitiko kwamba hakuandika zaidi ya hayo.

Wakakaa. Nje watu walipita na shughuli zao. Dobi alielewa, pengine kabla ya mkewe, kwamba swali lile lilikuwa na milango miwili, na ufunguo ulikuwa kwa kijana. Wao kazi yao ilikuwa kutaja jina la meli basi.

"Meli ya bluu," akamwambia wakala. "Mama ana goti bovu."

Mama alimwinamia akamnong'oneza, lakini ofisi ilikuwa ndogo na wakala alisikia yote. Alisema iachwe hivyo hivyo, ajue anakuja mama. Kwa mama atakuja, hata kama ana kinyongo, atakuja. Akishapanda na chombo kikang'oa nanga, atamkuta na baba yake, na hapo atafanya nini? Baharini hakuna pa kukimbilia. Siku ya kwanza atanuna, ya pili atasalimia, ya tatu watakula meza moja.

"Ninakuomba, mume wangu," akasema. "Mimi sina miaka mingine ya kumngoja."

Dobi alitamani kukubali. Tuseme ukweli, alitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu, na mpango ulikuwa mzuri, ungeweza kufanikiwa. Aliuona uso wa kijana kwenye ujia mwembamba wa meli, mikono imejaa vitambaa, mbele baba na nyuma maji. Aliwahi kumwona hivyo hivyo, mlangoni pake mwenyewe, wateja wamejaa na hakuna pa kupita. Moyo ukamwuma sana, na alipozungumza hakumnong'oneza mkewe, alimwambia wakala.

"Mwanangu, ongeza hapo. Andika kwamba na baba yake yupo. Andika mapema kwenye maneno, asije akasoma nusu akaacha. Mwambie tutapanda wote wawili, chumba kimoja, ili kama hataki kuniona ajue meli ya kuikwepa."

Mama aliufunika uso kwa mikono yake miwili. Hakumgombeza. Alisema kwa sauti ndogo kwamba basi amempoteza mara ya pili, na Dobi akasema huenda, na kwamba safari hii angalau hakuna mtu atakayekuwa amemfukuza.

Wakala aliandika, akawasomea, baba akiwa katika mstari wa kwanza. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Aliuliza kama awakatie tiketi sasa hivi au wasubiri kwanza jibu la kijana, maana ikikatwa haibadilishwi, na huenda wangependa kujua atakuwa meli gani.

Dobi alimgeukia mkewe. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alingoja yeye aseme, na alingoja bila kumharakisha.

"Kata," mama akasema. "Tukingoja jibu itakuwa tumemwekea sharti."

Akafungua mkoba, akatoa vitambulisho viwili, akaviweka mezani kimoja kando ya kingine.